Tafuta maji ya Februari kwanza: namna ya kupata shamba la kuishi kwa jua na mvua Uganda

Nilizaliwa kambini. Baba alikuwa mwanajeshi, na pale Jinja sisi watoto wa Wateso, Wakakwa, Waacholi na Waganda tulicheza, tukagombana na kupatana kwa Kiswahili. Baba alihamishwa kila baada ya miaka michache, na siku aliyostaafu hakuwa na hata desimali moja ya ardhi, yaani sehemu ya mia ya ekari, ya kutuonyesha kwamba hapa ndipo kwetu. Mimi nikawa mkunga. Nimezalisha akina mama Arua, Bundibugyo, Kasese na mwisho Masindi, jumla miaka 29, nikilala nyumba za serikali. Nilipokaribia kustaafu nilitaka shamba langu mwenyewe, ninywe maji ya paa langu, niwashe taa kwa jua, nile ninachopanda, na taka zirudi kwenye udongo huohuo.

Nililitafuta miaka mitatu. Leo naishi kwenye ekari 4, dakika arobaini kwa bodaboda kutoka Masindi mjini. Kila mwezi kuna mtu ananipigia simu, mara nyingi kijana wa Kampala aliyechoshwa na kodi ya nyumba, kuniuliza ekari huku inauzwa ngapi. Bei iache mwisho. Anza na hili: akina mama wa kijiji hicho wanateka maji wapi mwezi wa Februari?

Nenda wakati mbaya

Ardhi ya Uganda inadanganya kwa uzuri. Ukipita Mei au Oktoba, kila mahali ni kijani, barabara ni nyekundu, mawingu yamekaa juu ya vilima, na roho inasema lipa leo. Usilipe. Huku Masindi ukame unakuja Desemba hadi Februari, kwa hiyo njoo Februari. Kama unatafuta Mbarara au Isingiro, nenda Julai au Agosti, maana kule kiangazi kikali ni cha katikati ya mwaka. Karamoja nako kuna msimu mmoja tu wa mvua, nao hauaminiki. Kama hukuzaliwa katika maisha ya ufugaji wa kule, sikushauri uanzie huko.

Mimi, kabla ya kununua, nilimwomba mama mmoja niliyekuwa nimemzalishia watoto wawili anilaze kwake siku nne. Ilikuwa Februari. Saa kumi na moja alfajiri tuliamka, tukabeba jerikeni, tukashuka hadi chemchemi. Tulikuta jerikeni za njano zimeshapangwa foleni, nyingine zimefungwa vitambaa vya rangi ili mwenyewe aitambue yake. Nilitazama saa yangu ya kazi, ileile niliyokuwa nikihesabia mapigo ya moyo. Jerikeni moja ya lita 20 ilijaa kwa dakika sita. Maana yake ni jerikeni kumi kwa saa, lita 200, na kaya zilizotegemea chemchemi ile zilipita arobaini. Yule mama akaniambia, "Dada, Aprili hapa hakuna foleni. Lakini sasa hivi watu wanapigana."

Hesabu ile ndiyo iliyoamua mambo yangu. Maji yalikuwepo, ndiyo, lakini hayakutosha kuongezewa mdomo mwingine. Mtu anayesema anataka kuishi kwa kuyajali mazingira hawezi kufika kijijini akawa wa arobaini na moja kwenye foleni ile. Ilinibidi nipate maji yangu juu ya paa, na shamba liwe mahali ambapo mvua inaruhusu.

Hesabu ya paa ni rahisi, na uifanye kabla hujapenda mahali. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Masindi hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Paa langu ni mita za mraba 60. Ukitoa sehemu ya tano inayopotea kwa kurukaruka na kusafisha bati, unabaki na lita 48,000 kwa mwaka. Sasa hesabu kiangazi: watu wanne, kila mmoja jerikeni moja kwa siku, ni lita 80, siku 90 ni lita 7,200. Kwa hiyo tangi la lita 10,000 likiwa limejaa mwishoni mwa Novemba linatuvusha, na masalio yanaenda kwenye miche. Ukiwa na ng'ombe hesabu inabadilika kabisa. Ukitaka bustani ya mboga ya kumwagilia kila siku, inabadilika tena. Fanya hesabu yako, usiazime yangu.

Kijani cha Januari

Kosa langu kubwa nililifanya kabla ya hapo, Nakaseke. Ilikuwa Januari, nchi yote imekauka, na broka akanionyesha ekari 3 za majani mabichi kabisa, laini, zikishukia mahali penye mafunjo. Nikafurahi. Nikajiambia, kama hapa ni kijani Januari, mvua ikija itakuwaje? Nikaweka amana ya shilingi milioni 2. Mei nilirudi na binti yangu. Tulivua viatu barabarani. Pale nilipopanga kujenga jikoni maji yalinifika katikati ya ugoko, na vyura walikuwa wanalia mchana kweupe.

Nilijifunza kwa uchungu: kijani cha kiangazi kwenye ardhi ya chini, karibu na mafunjo, ni dalili ya ardhioevu. Katiba ya 1995 inasema maeneo hayo, pamoja na maziwa na mito, serikali inayashika kwa niaba ya wananchi wote. Hati iliyotolewa juu yake baada ya hapo inaweza kufutwa, na nyingi zimefutwa. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinataka pia uache nafasi kando ya maji: mita 200 kutoka maziwa makubwa kama Victoria, Kyoga na Albert, mita 100 kutoka mito mikubwa iliyotajwa, mita 30 kwa mito mingine. Mtu akikuuzia "shamba la ziwani" linaloanzia kwenye mchanga, sehemu kubwa ya unacholipia huruhusiwi kuitumia. Na hata kama sheria isingekuwepo, mafunjo ndiyo yanayochuja maji ya vijiji vilivyo chini yako.

Amana yangu haikurudi.

Mteremko nao uutazame kwa macho ya mvua. Nilikuwa Kasese mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2013, na ulifurika tena Mei 2020. Mawe makubwa kama bodaboda yalishuka na maji. Bududa, kwenye mlima Elgon, ardhi iliporomoka Machi 2010 na tena Oktoba 2018, ikazika watu pamoja na nyumba zao. Udongo wa mlimani una rutuba na baridi yake ni tamu, naelewa kwa nini watu wanaupenda. Lakini nenda ukamuulize mzee wa pale maji yalifika wapi mwaka mbaya kuliko yote anaoukumbuka, na akuonyeshe kwa kidole. Tafuta mteremko mwepesi, mtu akisimama juu maji yamkimbie bila kumbeba.

Chimba kabla ya kupima

Beba jembe, panga, chupa tatu za plastiki zinazopenyesha mwanga, na chakula cha mchana. Chimba shimo la kufika gotini sehemu tatu: juu, katikati na chini ya shamba. Muuzaji akikataa usichimbe, mshukuru na uondoke.

Tazama rangi inabadilika wapi. Kwangu, sehemu ya juu udongo mweusi ulikuwa kiganja kimoja tu, kisha jembe likagonga changarawe nyekundu ngumu, ile ya kutengenezea barabara. Hapo nikajua nyumba itakaa pale, maana mizizi ya ndizi isingepenya. Katikati udongo mweusi ulishuka hadi gotini, una mashimo ya minyoo. Hapo ndipo penye migomba yangu leo. Jaza shimo maji, acha udongo uyanywe, kisha jaza tena na utazame saa. Maji yakikaa hadi kesho yake, choo cha shimo hapo kitakusumbua na mihogo itaoza.

Chupa ni za kupimia mchanganyiko. Tia udongo theluthi moja, jaza maji, tikisa sana, uiweke mahali isipoguswa. Mchanga hutua ndani ya dakika moja. Tope laini hutua kwa saa kadhaa. Mfinyanzi hutua kesho yake, juu kabisa. Ukikuta mchanga karibu wote, maji na mbolea vitapita tu. Ukikuta mfinyanzi mwingi utapata matofali mazuri na bustani ngumu. Mimi nilikuwa na mchanga nusu, na kilichobaki kiligawanyika, nikaridhika.

Magugu yanasema pia. Kishona nguo na kongwe vikiwa vimestawi, udongo una nguvu. Zile nyasi kali ambazo Waganda huziita lusenke zikitawala, ardhi imechoka au imechomwa moto mara nyingi. Ukiona kiduha kimechanua maua ya zambarau katikati ya mahindi, hapo mahindi yamelimwa bila kupumzika miaka mingi. Utahitaji misimu kadhaa ya kunde na samadi kuirudisha. Ardhi iliyochoka si ya kukataa. Inaponyeka, na kuiponya ni kazi nzuri, ila bei yake iwe ya ardhi iliyochoka.

Halafu inua macho. Tazama miti ya jirani, moshi wake, na anachopulizia. Masindi ni nchi ya miwa. Miwa huchomwa, na dawa za kuua magugu husafiri na upepo. Nilikataa ekari 5 nzuri sana kwa sababu zilizungukwa na miwa pande tatu, na nilitaka kufuga nyuki. Ukiwa karibu na msitu wa Budongo au mpaka wa hifadhi ya Murchison, uliza nyani na tembo wanapita mwezi gani. Usiulize kama wanapita.

Jua na radi

Hapa sitakaa sana, kwa sababu tuko karibu na ikweta na jua lipo karibu kila mahali. Angalia tu kivuli na ukungu. Kabale, mabonde mengi hufunikwa na ukungu hadi asubuhi imeendelea sana, na paneli haina inachokula. Masindi, paneli ya wati 200 huniletea kama wati-saa 800 kwa siku ya kawaida: taa, simu, redio na feni ndogo. Kupikia haitoshi, kwa hiyo hakikisha shamba lina mahali pa kupanda miti ya kuni inayokua haraka, au utakuwa unaishi kwa jua huku ukinunua mkaa wa msitu wa watu wengine. Serikali ilipiga marufuku biashara ya mkaa kaskazini mwaka 2023, na ukienda kule ukaona mashina ya miti ya shea yaliyokatwa utaelewa sababu.

Radi usiisahau. Juni 2011 radi iliua wanafunzi wasiopungua 18 katika shule ya msingi Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, jirani na huku kwetu. Usijenge kileleni peke yako, na weka kipitisha radi kabla ya kufunga paneli.

Nani anamiliki, na anamiliki nini

Hapa ndipo watu wema wanapoumia. Uganda ina aina nne za umiliki: kimila, frihodi (umiliki usio na kikomo), mailo na lizi (kukodi kwa miaka maalumu). Aina hizo zimo ndani ya Katiba, na Sheria ya Ardhi ya 1998 inazieleza. Kama wewe si raia, hata uwe Mkenya, Mtanzania au Mkongo tunayesalimiana kila siku, huwezi kumiliki mailo wala frihodi. Unaweza kupata lizi tu, isiyozidi miaka 99. Kuandikisha kwa jina la rafiki Mganda ili kukwepa sheria ni kumpa shamba rafiki huyo.

Mailo ilitokana na Mkataba wa Buganda wa 1900, ardhi ilipogawanywa kwa maili za mraba, na jina likabaki. Ipo zaidi Buganda, na pia Kibaale na Kagadi kwa sababu ya historia ya kaunti zilizopotea, zile za Bunyoro ambazo Waingereza walizipa Buganda. Tatizo lake ni kwamba juu ya shamba moja kuna haki mbili: mwenye hati, na mwenye kibanja, yaani mpangaji anayekaa na kulima pale, anayemlipa busuulu, kodi ndogo ya ardhi, kila mwaka. Ukinunua hati yenye watu juu yake, umeinunua pamoja na watu wake. Huwezi kuwafukuza kwa kuwa umelipa. Ukinunua kibanja bila ridhaa ya mwenye hati, umenunua ugomvi. Yule muuzaji wa Nakaseke alikuwa na kibanja, nami niliambiwa ni mwenye shamba. Niliyajua hayo siku nilipokwenda ofisi ya ardhi ya kanda na namba za bloku na ploti kufanya uchunguzi wa hati. Ningekwenda kabla ya amana, ingenigharimu nauli na ada ndogo tu.

Ardhi ya kimila ndiyo nyingi zaidi kaskazini na mashariki, na huku Bunyoro ipo. Watu huiogopa kwa kuwa haina hati. Mimi ndiyo niliyonunua, na sijutii, ila nilikwenda polepole. Nilikaa na familia nzima: mzee, wake zake wawili, watoto wakubwa, na kaka yake mzee aliyetoka Hoima. Sheria inataka mwenzi wa ndoa akubali ardhi ya familia inapouzwa, na ukweli wa kijijini unataka zaidi ya hapo. Mke mdogo hakusema neno siku ya kwanza. Nilimfuata jikoni jioni, nikakaa kwenye mkeka, nikamuuliza atalima wapi. Akanionyesha kipande chake cha karanga, ndani kabisa ya zile ekari tulizokuwa tumekubaliana. Tukahamisha mpaka, nikachukua upande wa pili. Ningekuwa na haraka, karanga zake zingekuwa kesi yangu.

Ukishanunua, omba cheti cha umiliki wa kimila. Njia yake ni kamati ya ardhi ya eneo, ambayo huja kuona mipaka mbele ya majirani, kisha faili linakwenda bodi ya ardhi ya wilaya. Kinachukua muda. Fuatilia.

Na kabla ya kusaini popote, uliza ofisi ya misitu kama eneo si la hifadhi ya msitu, na uliza wilayani kama hakuna njia ya bomba la mafuta au laini kubwa ya umeme iliyopangwa kupita. Laini ya kutoka bwawa la Karuma kwenda Kawanda imepita juu ya mashamba mengi ya upande huu, na chini yake hujengi nyumba wala hupandi miti mirefu.

Siku ya kulipa

Mpimaji aje kwanza, awe wako, mwenye leseni, asiwe wa muuzaji. Tembea naye mpaka wote kwa miguu, majirani wote wakiwepo, kila mmoja akisema hapa ndipo. Fahamu vipimo: ekari moja ni desimali 100, na ile ploti ya futi 50 kwa 100 wanayouza mjini ni desimali kama 11 na nusu tu. Kwa maisha ninayoyasema, ploti hiyo haitoshi hata choo, mboga na kuni.

Makubaliano yaandikwe kwa lugha ambayo muuzaji anaielewa, na yasomwe kwa sauti mbele ya watu. Yangu yaliandikwa kwa Kiingereza na Kirunyoro, na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, akatufafanulia kwa Kiswahili. Kila mkubwa wa familia akaweka sahihi au dole gumba, majirani wakasaini kama mashahidi, tukapiga picha. Wenyeviti wengi huomba asilimia 10 ya bei. Haimo katika Sheria ya Ardhi. Mimi nilizungumza naye kwa heshima mapema, nikampa shukrani ya kiasi kwa muda wake, na tukaelewana. Pesa zipite benki. Usibebe milioni kwenye mkoba ukapanda bodaboda.

Mwaka wa kwanza

Wiki ileile ya kununua tulipanda mulamula kwenye kila kona, ule mmea wa majani marefu ambao mababu walitumia kuonyesha mipaka. Kila jirani alishika mche wa upande wake na kuushindilia udongo kwa mguu. Mawe ya mpimaji yanaweza kung'olewa usiku. Mulamula ulioupanda pamoja na jirani, yeye mwenyewe ndiye atakayeuulizia ukikauka.

Kisha nilijenga paa kabla ya kujenga nyumba. Nguzo sita, mabati, mifereji, na tangi chini yake, basi. Nililala chini ya paa hilo kwenye hema, wikendi kwa wikendi, kuanzia Machi, nikitazama maji yanapopita, upepo unapotoka, na mahali ambapo ng'ombe wa watu wamezoea kukatiza. Choo cha majivu nilikiweka upande wa chini, zaidi ya mita 30 kutoka chemchemi ya kijiji. Njia ya ng'ombe niliiacha ilivyo, nikahamisha bustani. Novemba tangi lilijaa hadi likamwagika, na Februari iliyofuata yule mama wa jerikeni alipita asubuhi na mjukuu mgonjwa mgongoni, akaniomba maji ya kumchanganyia dawa, nikampa kutoka kwenye bomba langu.